Umemkuta mtu ndani ya uzio: mwongozo kwa mlinzi wa yadi, ghala na bandari kavu

Maswali haya huniingia karibu kila wiki kutoka kwa vijana wanaoanza lindo hapa Dodoma, na mengi huja usiku wa manane, mtu akiwa tayari amekalishwa chini karibu na geti na mlinzi hajui afanye nini. "Mzee, naruhusiwa kumshikilia saa ngapi?" "Nimpekue?" "Bosi kasema tumfungie mpaka asubuhi, ni sawa?" Na hili ndilo linalorudi kuliko yote: "Walinzi wa bandarini Dar wanakamata kama polisi. Sisi wa bandari kavu je?"

Nililinda makontena Kurasini kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na sasa nafundisha walinzi wa maghala ya Kizota, viwanda vya Nala na yadi za upande wa Ihumwa. Nimeona walinzi wazuri wakipelekwa mahakamani kwa sababu ya dakika kumi za hasira. Nimeona pia wezi halisi wakitembea huru kwa sababu mlinzi aliharibu kila kitu kabla polisi hawajafika. Soma mwongozo huu ukiwa umetulia, kabla hujakutana na mtu gizani.

Sheria, kwa kifupi tu

Sare haikuongezei mamlaka. Mlinzi wa kampuni, mbele ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20), ni mwananchi wa kawaida. Sheria hiyo inamruhusu mwananchi kumkamata mtu bila hati katika hali mbili zinazokuhusu wewe: mtu anapotenda mbele yako moja ya makosa ambayo hata polisi angemkamata bila hati, na mtu anapokutwa akitenda kosa la kudhuru mali, ambapo mwenye mali, mtumishi wake au aliyepewa idhini naye anaweza kumkamata. Wewe ndiye huyo mtumishi au mwenye idhini. Ukishamkamata, sheria inakutaka umkabidhi kwa askari polisi bila kuchelewa pasipo sababu, na kama hakuna askari, umpeleke kituo cha polisi kilicho karibu.

Hayo ndiyo mamlaka yako yote. Unamiliki zile dakika za kati ya kumwona mtu na kumkabidhi.

Sasa kuhusu bandarini. Kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Zinaitaka bandari inayopokea meli za kimataifa iwe na afisa ulinzi, mpango wa ulinzi na maeneo yenye zuio. Ndiyo maana pale Dar es Salaam, Tanga au Mtwara huwezi kusogelea gati bila kibali, na mzamiaji anayetaka kujificha melini anasakwa kwa nguvu zote. Lakini kanuni hizo zinapanga nani asifike wapi; mamlaka ya kukamata yanatoka kwenye sheria za nchi. Watu watatu unaowaona pale getini hawalingani: kuna askari wa Polisi Bandari, kuna Polisi Msaidizi aliyeteuliwa chini ya Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi (Sura ya 322), ambaye ana nguvu za kiaskari akiwa kazini ndani ya eneo lake, na kuna mlinzi wa kampuni. Kama hujawahi kuapishwa na kupewa kitambulisho cha Polisi Msaidizi, wewe ni yule wa tatu, uwe umesimama gatini Kurasini au kwenye vumbi la Ihumwa.

Wengi wenu mmepita mgambo au JKT, na hapo ndipo kichwa kinapochanganyikiwa. Mgambo anayetekeleza kazi za polisi kwa mujibu wa sheria ana nafasi yake. Wewe uliyemaliza mafunzo kisha ukaajiriwa na kampuni kulinda ghala huna nafasi hiyo lindoni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuingia zamu

- Daftari la matukio, kalamu mbili, na saa inayosema kweli.
- Tochi yenye chaji na filimbi.
- Simu yenye salio, ikiwa na namba ya kituo cha polisi cha karibu, ya polisi kata na ya msimamizi wako. Namba ya dharura ya polisi ni 112.
- Barua au maelekezo ya maandishi kutoka kwa mwenye mali yanayokutambua kuwa mlinzi wake. Hii ndiyo idhini yako. Walinzi wengi hawana, na hawaioni kuwa na maana mpaka wakili awaulize.
- Jibu la swali hili: mpaka wa eneo unaanzia na kuishia wapi? Uutembee mchana, siyo uusikie kwa kuambiwa.
- Maji ya kunywa, ya kwako na ya mtu utakayemshikilia.

Kama eneo lako linapakana na reli, weka pia namba ya Polisi Reli. Ardhi ya reli ina sheria yake, ile ya Reli ya 2017, na mtu aliyekutwa kwenye tuta la SGR ni wao wa kumshughulikia.

Hatua kwa hatua

1. Msimamishe kwa sauti ukiwa mbali. Mmulike, piga filimbi, sema wewe ni nani: "Simama hapo! Mimi ni mlinzi wa yadi hii. Onyesha mikono." Usimfuate kimyakimya gizani ukamrukia, yeye naye hajui wewe ni nani, na mtu aliyeshtuka hupiga kwanza.

Onyo: usipige kelele ya "Mwizi!" hata kama una hakika. Neno hilo likivuka uzio, mtaa unaamka na mawe. Ukitaka msaada, sema "Walinzi, njooni!" Mtu akiuawa na umati ulioitwa na wewe, hutaishi vizuri na jambo hilo, hata kama hakuna aliyekushitaki.

2. Mwulize, kisha msikilize kweli. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo wengi wanaporuka.

Kosa la kuingia kwa jinai, kwa Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), halikamiliki kwa kuvuka uzio peke yake. Lazima mtu awe ameingia isivyo halali akiwa na nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye eneo. Aliyeingia kihalali akabaki isivyo halali kwa nia hiyohiyo naye yumo. Adhabu ya kawaida ni kifungo kisichozidi miezi mitatu. Ikiwa alichoingia ni jengo la kuishi, la ibada au la kuhifadhia mali, inafika mwaka mmoja. Kwa hiyo mlinzi wa ghala ana kesi nzito kidogo kuliko mlinzi wa kiwanja kitupu, lakini wote wawili wanahitaji nia.

Nia utaijuaje? Kwa unachokiona na unachokisikia. Jana kulikuwa na njia ya miguu hapa, leo kuna uzio, na mama anatoka kuchota maji: hana nia yoyote. Kijana ana mkasi wa kukatia sili ya kontena (ile lakiri ya mlangoni) mkononi: ana maelezo ya kutoa.

Nitawapa tukio moja lililoniuma. Yadi moja pembezoni mwa jiji, mchana wa kiangazi, kijana wa miaka kama kumi na mitatu alipita chini ya waya kufuata mbuzi wake watatu. Walinzi wawili walimrusha kichurachura mpaka akaanguka, wakisema wanamfundisha adabu. Nilipofika alikuwa anatetemeka na mbuzi wamepotelea mbali. Hakukuwa na kosa la kumkamatia. Kosa lilikuwa lao wale wawili, na baba yake alikuja na mwenyekiti wa mtaa kabla jua halijatua. Katika mkoa wa wafugaji kama huu, mbuzi na ng'ombe wataingia, na anayewafuata ataingia. "Mbukwa" moja, salamu ya Kigogo, na swali la kistaarabu vinakupa jibu lote.

Maswali yanayotosha: Unaitwa nani? Umeingia kwa wapi? Umekuja kufanya nini? Nani anakufahamu hapa? Akikataa kujibu, kukataa si kosa. Andika kwamba hakujibu, basi. Usimlazimishe akiri chochote. Kukiri kwa kipigo hakukusaidii na kunaweza kukufunga wewe.

3. Amua: kumtoa au kumkamata.

Mtoe, bila kumkamata, kama amepotea, anapita njia ya mkato, anafuata mifugo, amelewa na hajagusa kitu, au ni mteja aliyekosea geti. Msindikize mpaka nje, andika muda na sura yake. Mwenye mali ana haki ya kumtaka asiyehitajika aondoke, na akigoma, kumtoa kwa nguvu ya kiasi. Kumtoa, narudia. Hujamkamata.

Mkamate kama umemwona mwenyewe akitenda: anakata waya, anavunja sili, anapakia betri au chuma chakavu kwenye kiroba, anawasha moto, anakutishia kwa panga. Umemwona wewe. "Mwenzangu wa zamu ya jana alisema mtu mwenye kofia nyekundu" hakutoshi kumkamata mwenye kofia nyekundu leo. Habari ya namna hiyo wape polisi. Wao wana mamlaka ya kukamata kwa kushuku ambayo wewe huna.

4. Mwambie amekamatwa na kwa sababu gani. Sema wazi, kwa Kiswahili anachokielewa: "Nimekuona ukivunja sili ya kontena. Nimekukamata kwa sababu hiyo, na ninaita polisi sasa hivi." Akikubali kwa neno au kwa kitendo, kwa mfano akakaa ulipomwelekeza, amekwisha kukamatwa kisheria, huna haja ya kumshika. Asipokubali, ndipo unamshika mwili au kumzuia.

5. Tumia nguvu inayohitajika tu, na uiache anapotulia. Sheria inasema aliyekamatwa asizuiwe kuliko inavyohitajika ili asitoroke. Anapigana, mdhibiti. Ametulia, kirungu kirudi kiunoni. Kofi unalompiga mtu aliyekwisha kukaa ni shambulio, na likimwachia jeraha linaitwa shambulio la kudhuru mwili, kosa zito kuliko alilolifanya yeye kwa kuruka uzio.

Mlinzi mwenye bunduki asikilize vizuri. Bunduki yako iko pale kulinda uhai, wako au wa mwingine, ulio hatarini wakati huo. Mtu anayekimbia na kiroba cha chuma chakavu hapigwi risasi. Mahakama ikiangalia nguvu uliyotumia itapima na uzito wa kosa lake, na hakuna mizani itakayokutetea hapo.

6. Piga simu polisi mara moja, kabla ya kumpigia bosi. Andika saa uliyopiga na nani amepokea. Dakika hiyo ya simu ndiyo itakayoonyesha kuwa hukumshikilia kwa faida yako.

Na hili la saa 24: kila mlinzi analijua na karibu kila mmoja analijua vibaya. Saa 24 zinahusu mtu aliyeko mikononi mwa polisi. Huna saa 24. Huna hata "mpaka asubuhi bosi aje". Una muda wa askari kufika au wa kumfikisha kituoni. Kumfungia mtu isivyo halali ni kosa la jinai, na anaweza pia kukudai fidia, wewe na mwajiri wako.

7. Mweke mahali wazi, penye hewa, panapoonekana. Kivulini mchana, pasipopigwa na upepo usiku. Juni na Julai mnaujua upepo wa hapa. Mpe maji. Kaa mnaonekana na mlinzi mwingine au na kamera.

Usimfungie mtu ndani ya kontena. Kamwe. Nimeliandika peke yake kwa sababu bado linafanyika. Kontena lililofungwa juani halina mzunguko wa hewa na bati lake hupata moto kama jiko la mkate. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufia humo wakati wewe unanywa chai getini. Vilevile stoo ya mafuta, choo cha nje, buti la gari. Usimfunge kamba shingoni wala kumvua nguo. Katiba yetu, Ibara ya 13(6), inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, na inakataza kumtesa au kumpa adhabu ya kumdhalilisha.

8. Mwondolee silaha, upekuzi waachie polisi. Panga, kisu, nondo iliyo mkononi au kiunoni: chukua, weka mbali, andika. Mifuko, pochi na simu si vyako kufungua. Ukimpekua na baadaye akasema alikuwa na laki mbili, utajibu nini? Mwanamke apekuliwe na mwanamke tu, kwa staha, na ni kazi ya askari wa kike.

Kiroba au kifaa alichodondosha kiache palepale kilipo. Kipige picha, simamisha mtu hapo. Kila mkono unaokigusa utaulizwa mahakamani.

Picha yake je? Piga ya tukio na ya uharibifu, kwa ajili ya polisi. Usiitupe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ukiandika "mwizi huyu hapa". Mbali na Katiba, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake.

9. Kabidhi kwa maandishi. Askari akifika, mweleze ulichokiona, kwa mpangilio wa saa. Andika jina na namba ya askari aliyempokea, muda, hali ya mtu huyo ("anatembea mwenyewe, mchubuko kiwiko cha kushoto alioupata kwenye waya"), na vitu vilivyokabidhiwa. Fuata kituoni upate RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na utoe maelezo yako.

Katika maelezo, andika uliyoyaona wewe tu. "Saa 8:40 usiku nilimwona mwanaume mmoja akikata waya upande wa magharibi, nikiwa umbali wa kama hatua ishirini, taa ya nguzo ikiwaka" inashinda kurasa mbili za "alikuwa mwizi sugu anayejulikana". Andika Kiswahili cha kawaida; ndiyo lugha ya mahakama zetu, na kesi nyingi za namna hii huishia Mahakama ya Mwanzo, ambako hakimu atakusomea maneno yako mwenyewe.

Mambo yakienda kombo

*Amekimbia.* Mwache akivuka mpaka na kuingia mitaani gizani. Umeona sura, nguo, upande alioelekea? Piga 112, linda alipokuwa. Kumkimbiza peke yako kunaliacha lindo wazi, na wapo wanaomtuma mmoja akimbizwe ili wengine wapakie.

*Polisi wamechelewa.* Piga tena, andika kila simu. Kama kuna gari na mlinzi wa pili, mpeleke kituo cha karibu moja kwa moja, bila kupitia ofisi ya kampuni wala nyumbani kwa bosi.

*Ameumia.* Matibabu kwanza. Toa taarifa polisi ili ipatikane PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na usifiche kwamba jeraha limetokana na purukushani yenu kama ndivyo. Daktari ataliona tu.

*Ni mtoto.* Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na aliye chini ya miaka kumi hawezi kubeba kosa la jinai kabisa. Mwite mzazi au mwenyekiti wa mtaa, na kama kuna kosa la kweli, polisi wana dawati la jinsia na watoto. Usimkalishe na watu wazima mliowakamata.

*Watu wamejaa nje wanataka mmtoe.* Funga geti, mtoe machoni pao, waambie polisi wapo njiani, na piga simu tena ukieleza kuwa maisha ya mtu yako hatarini. Neno hilo huharakisha gari. Kuanzia hapo unamlinda yeye kama unavyolinda mali.

*Bosi anasema "alipe elfu hamsini aende".* Usizishike. Pesa ya kumwachia mtuhumiwa haina jina zuri, na mkono uliopokea utakuwa wako. Mjibu kwa heshima: "Mkuu, nimeshaita polisi na imeandikwa kwenye daftari." Ndiyo faida nyingine ya kupiga simu mapema.

*Ni mfanyakazi mwenzako.* Kama ana kibali cha kuwepo, kuingia kwake si kosa hata kama ni usiku. Kama umemwona akiiba, hatua ni zilezile. Usimfiche, na usimkomoe kwa ugomvi wenu wa mshahara.

*Kesho yake umemwona mtaani.* Amepata dhamana, kesi bado ipo. Usimfuate wala kumtumia ujumbe. Itakuja hati ya kukuita shahidini, labda baada ya miezi, na siku hiyo utahitaji daftari lile lenye saa na majina, kwa hiyo lisiachwe getini likafungiwa karanga.